Gauni la shanga la miaka ya 1920 kwenye kupamba Mombasa: uchambuzi wa kisa

Wenye kisa

Bibi harusi wa kisa hiki amezaliwa na kukulia Uingereza. Baba yake ni mtu wa Mombasa, mama yake Mwingereza. Harusi ilifanyika Mombasa kwa akina baba, na siku ya kupamba alitaka kuvaa gauni la shanga alilolivaa mama wa nyanya yake, upande wa mama, enzi za usichana wake katika dansi za huko Uingereza. Nyanya yu hai, na gauni ni lake. Familia imeniruhusu kukiandika kisa kwa sharti kwamba wasitambulike. Kwa hiyo hakuna majina wala tarehe za harusi, na alama mbili tatu za gauni nimezibadilisha. Mwendo wa mambo sikuugusa.

Mimi niliingia kama fundi. Natengeneza nguo za zamani hukohuko Uingereza, na niliitwa miezi kadhaa kabla ya harusi kujibu swali moja: gauni hili linavalika au halivaliki?

Gauni lenyewe

Ni la mtindo wa katikati ya miaka ya 1920. Limenyooka bila kubana kiuno, halina mikono, linaishia chini kidogo ya goti, na huvaliwa kwa kupitishwa kichwani kwa kuwa halina zipu wala vifungo. Kitambaa chake ni shifoni ya hariri, nyepesi kiasi kwamba ukiitandaza juu ya kiganja unaona mistari ya mkono. Juu ya shifoni hiyo kumejaa kioo: shanga ndogo za mviringo, shanga ndefu za bomba zilizopangwa mistari mistari, na kifuani maua matatu ya puleki, vile vidude bapa vinavyometameta. Tulipolipima lilipita kilo mbili. Kitambaa peke yake, bila shanga, hakifiki gramu 200. Basi kilo mbili za kioo zinabebwa na hariri ya miaka karibu mia moja, na uzito wote unaning'inia kwenye mabega mawili yenye upana wa vidole vitatu.

Shanga za namna hii hazikushonwa moja moja kwa sindano. Zilitariziwa kwa kulabu ndogo, kazi iliyoupa sifa mji wa Lunéville, Ufaransa, tangu karne ya 19. Kitambaa hutandazwa kwenye fremu, upande wa nyuma ukimwelekea mtarizi, na shanga zikiwa zimetungwa tayari kwenye uzi. Kulabu huchoma, huvuta kitanzi, ushanga hukamatwa, kulabu huchoma tena. Mshono wake ni wa mnyororo. Mafundi wa Kihindi wanaotarizi sari kwa ari, kulabu yao ndogo, wataitambua kazi hii mara moja, maana utarizi wa kulabu ulifika Ulaya kutoka Mashariki. Ni kazi ya haraka, ila ina ila yake: uzi ukikatika na kuvutwa kwa upande wa kufumuka, mstari mzima huachia mpaka mtu aukomeshe.

Puleki nazo zina habari yake. Za leo ni za plastiki. Za wakati ule nyingi zilikuwa za jelatini, itokayo kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, ikapakwa rangi. Ndani ya karatasi ya kufungia tulikuta puleki mbili zilizokwisha kuanguka zenyewe. Moja tuliidondoshea tone la maji ya vuguvugu. Ilijikunja, ikalainika, ikawa utomvu. Jaribio hilo lifanywe kwa puleki iliyoanguka tu, kamwe si kwa iliyo bado kwenye nguo, na jibu lake ndilo lililoamua mengi yaliyofuata: hakuna kufua, hakuna pasi ya mvuke, hakuna dobi wa kemikali, na joto liwe mbali.

Hali yake kwa jumla ilikuwa ya wastani. Bega la kulia lilikuwa na mpasuko mdogo. Makwapani palikuwa na madoa ya jasho la zamani, na hapo hariri ilikuwa imekakamaa. Kwenye upindo mistari kadhaa ya shanga ilikuwa haipo. Mtu fulani aliwahi kuziba tundu kwa uzi mnene wa pamba, na uzi huo ulikuwa ukiivuta shifoni pembeni yake. Kisha palikuwa na kunyanzi moja katikati, kwa sababu gauni lilikaa limekunjwa mahali palepale miaka mingi ndani ya sanduku la kadibodi lenye magazeti. Kwenye kunyanzi hiyo shanga za bomba zilikuwa zimeanza kukata nyuzi zao wenyewe. Ncha ya ushanga wa bomba ni kioo kilichokatwa, haijasuguliwa, na kila nguo inapokunjika ncha hizo husaga uzi.

Livaliwe au lisivaliwe

Binamu wa bibi harusi ndiye aliyeleta habari ya gauni la Marilyn Monroe, lile alilolivaa Mei 1962 akimwimbia Rais Kennedy kwenye sherehe ya siku yake ya kuzaliwa, siku chache kabla ya siku yenyewe. Mei 2022 Kim Kardashian alipanda nalo ngazi za Met Gala, hafla ya mavazi ya New York, kwa muda mfupi, kisha akabadili na kuvaa nakala yake. Baadaye picha zilisambaa, watu wakidai kwamba gauni limechanika mgongoni. Wamiliki wakakanusha kwamba usiku ule ndio uliolidhuru. Baraza la kimataifa la makumbusho, ICOM, lilitoa tamko kwamba mavazi ya kihistoria yasivaliwe na mtu yeyote.

Kanuni ya makumbusho haimfungi mtu na nguo ya nyanya yake. Lakini sababu iliyo nyuma ya kanuni ni ya kimaumbile, nayo haiulizi nguo ni ya nani: jasho, msuguano, mkunjo na uzito hufanya kazi ileile nyumbani na makumbushoni. Niliwaeleza hivyo wazi. Nyanya akajibu kwamba miaka yote amelitunza kwa ajili ya mtu, si kwa ajili ya sanduku. Baada ya hapo swali likabadilika. Tukawa tunauliza livaliwe muda gani, mwili ukiwa katika hali gani, na ni mikono ya nani italishika.

Kwa wasomaji wasio wa pwani: kupamba ni shughuli ya wanawake watupu, ambamo bibi harusi aliyepambwa huingia ukumbini na kukaa jukwaani atazamwe. Kwa upande mmoja jambo hilo lilitufaa. Gauni lisilo na mikono halina tatizo mahali ambapo wanaume hawapo, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuvika kitu juu yake ambacho kingekwaruza shanga. Katika kupamba kwingi simu hukatazwa mlangoni, na huku kulikatazwa pia, basi msukumano wa kupiga picha ulikuwa umeondoka.

Tatizo lilikuwa kule kukaa. Mtu akikaa na gauni la shanga, uzito wake wote unazibana shanga dhidi ya kiti, shifoni inavutwa nyongani, na nyuzi zinakatwa kwa mamia bila mtu kusikia chochote. Niliwaambia kwamba akikaa mara moja tu ni kheri wasilivae kabisa. Somo wa bibi harusi, yaani mwanamke anayemfunda na kumwongoza, bibi mmoja wa Mombasa mwenye msimamo, alishangaa kwenye simu: "Mwanangu, kupamba bila kukaa ni kupamba gani?" Alikuwa na haki. Tulikubaliana hivi: bibi harusi ataingia na gauni, atazunguka, atasimama mbele ya jukwaa, atatoka ndani ya dakika 20, kisha atarudi na nguo yake kubwa na hapo atakaa mpaka wachoke kumtazama. Mabibi harusi wengi hubadili nguo usiku huo hata hivyo, kwa hiyo hakuna mgeni ambaye angeona ajabu.

Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mwili, na hina zipakwe siku mbili kabla, zikauke kabisa. Manukato na mafuta yasiguse mwili mpaka gauni livuliwe. Asumini zikae nywele­ni, zisishuke kifuani. Pete na bangili zingoje nguo ya pili, maana hizo ndizo hunasa vitanzi vya uzi.

Kuliandaa

Kazi ya msingi ilikuwa kuutoa uzito mabegani. Nilishona shimizi la hariri imara lenye mabega mapana, likatwe sawa na gauni lilivyokatwa, ili siku ya kuvaa gauni lishikizwe kwenye shimizi kwa mishono michache mahali ambapo kitambaa bado kina nguvu: kwenye mishono ya pembeni usawa wa nyonga, na kuzunguka mabega. Hapo shimizi ndilo linalobeba, gauni linalazwa tu juu yake. Makwapani nilitia pedi za pamba za kunyonya jasho, zinazoondoka.

Bega lililopasuka niliwekea kwa ndani kipande cha hariri nyembamba sana na kukishona kwa uzi laini. Gundi haikugusa nguo hii, wala rangi ya kucha ambayo watu hupenda kuidondosha kwenye uzi uliofumuka. Huganda, hukakamaa, na mwaka wa pili hupasua kitambaa pembeni yake. Ncha za nyuzi zilizokuwa zikining'inia nilizifunga moja moja kwa sindano upande wa nyuma. Uzi mnene wa pamba niliukata na kuuondoa. Vumbi nililitoa kwa brashi laini, mashine ya kufyonza ikiwa katika nguvu ndogo na mdomo wake umefungwa neti isije ikameza shanga. Shanga zilizopotea upindoni sikuzirudisha. Kuongeza kioo kwenye kitambaa kilichochoka ni kukiongezea mzigo kwa sababu ya sura tu.

Kitu nilichokipa muda kuliko walivyotarajia ni mazoezi. Nilishona gauni la kufanyia mazoezi kwa kitambaa cha marekani, kipimo kilekile, nikaupa upindo wake uzito kidogo. Bibi harusi na binamu yake walijifunza kulivaa: mikono kwanza, mtu wa pili ameunyanyua uzito wote kwa viganja, hakuna kuvuta, hakuna kutingisha nyonga ili lishuke. Walijifunza kupanda ngazi nalo. Binamu alifundishwa jambo moja zaidi, kwamba uzi ukianza kufumuka aubane kwa kidole hapohapo na asiuvute hata kidogo.

Kwa safari, gauni lilikunjwa mara moja tu, si pale penye kunyanzi ya zamani, na ndani ya mkunjo nikaweka mto wa karatasi laini isiyo na asidi. Kila tabaka lilitengwa na karatasi hiyo shanga zisikamate shanga. Boksi lilikatwa liingie kwenye begi la mkononi, kwa sababu nguo kama hii haipelekwi kwenye mizigo ya chini. Shimizi, kwa kuwa lilikuwa nene na lingebana boksi, lilitiwa kwenye sanduku jingine. Uamuzi huo ulionekana mdogo siku ile.

Yaliyotokea Mombasa

Gauni lilifika salama, siku kadhaa kabla ya shughuli. Boksi liliwekwa chumbani kwa bibi harusi juu ya kabati, kiyoyozi kikiwaka. Maagizo niliyoyaandika kwa Kiingereza alikuwa nayo mama yake.

Siku ya pili bibi harusi na mama yake walitoka mchana kutwa kwa ajili ya mambo ya ukumbi. Shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye ndiye aliyekuwa na funguo na ndiye aliyekuwa akiiendesha harusi nzima, aliingia chumbani, akazima kiyoyozi kisichokuwa na mtu wa kukitumia, akaliona boksi. Alilifungua. Maneno yake, kama alivyonisimulia mwenyewe baadaye bila kuficha, yalikuwa: "Nguo imekafiniwa kama maiti. Nikasema hii itashika ukungu, haipumui." Akalitoa, akalitia kwenye henga, akalining'iniza kabatini. Usiku wa siku ya tatu, akizifukiza nguo za harusi, na gauni lilikuwamo: chetezo chenye makaa na udi chini, tenga juu yake, nguo juu ya tenga.

Binamu ndiye aliyegundua asubuhi. Mpasuko wa bega la kulia ulikuwa umerefuka kwa kiasi cha vidole viwili kupita mwisho wa kiraka changu. Ua moja la puleki, lile lililokuwa karibu na moto, lilikuwa limejikunja na puleki zake kushikana, baadhi zimeganda kwenye shifoni ya upande wa pili. Nguo nzima ilinukia vizuri sana.

Uamuzi wa siku ile

Nilipigiwa simu ya video. Jambo la kwanza lilikuwa kuzuia watu wasisaidie. Mtu mmoja alikuwa tayari na kisu cha siagi akitaka kuzibandua puleki, mwingine alipendekeza zipulizwe na mashine ya nywele. Nikawaomba wasiguse, walaze gauni juu ya shuka jeupe lililofuliwa, warudishe kiyoyozi, wakae nje. Shuka jeupe, na si kanga, ingawa kanga ndiyo iliyokuwa karibu: kanga mpya huchuja rangi, na chumba kilikuwa na unyevu.

Jelatini iliyolainika kwa joto na unyevu hukauka tena hewa ikikauka, na ikishakauka mara nyingine huachia yenyewe pale ilipogusana juujuu. Ukiibandua ingali laini, unang'oa na kitambaa. Walisubiri mpaka usiku. Sehemu kubwa ya shifoni iliachia. Palipobaki pameshikana tuliacha pashikane. Katikati ya tabaka waliweka karatasi ya kuokea keki, ile isiyonata, kwa kuwa karatasi yangu laini nayo ingeweza kugandia puleki.

Kisha ikaja hoja ya kuvaa. Mama alitaka kughairi. Bibi harusi alikuwa analia. Mimi nilikuwa na maoni mawili yanayovutana. Ua lililoharibika lilikuwa limeharibika tayari, na kuvaa dakika 20 kusingelizidisha sana kama lingefunikwa. Bega lilikuwa jambo jingine: hariri iliyopasuka mara mbili ina njia ya kupasuka mara ya tatu. Nilisema livaliwe iwapo tu fundi atapatikana wa kulishikiza kwenye shimizi hapohapo Mombasa, asilishike kwa bega hata dakika moja, na iwapo hapatikani, lilazwe juu ya meza chini ya taa hafifu wageni walitazame.

Shangazi ndiye aliyempata fundi: mzee anayetarizi lehenga, sketi ndefu za Kihindi, na sari za harusi kwa ari. Alipoligeuza gauni ndani nje alitabasamu, akaonesha kwa kidole mahali kila mstari unapoanzia na unapokomea, jambo ambalo mimi ilinichukua muda kulisoma. Hatukukubaliana katika yote. Alitaka kuijaza mistari ya upindo kwa shanga mpya na alikuwa nazo dukani za rangi ileile. Nikakataa kwa sababu ya uzito. Akaona ni ubahili wa shanga. Lakini mishono ya kushikiza aliitia kwa mkono mwepesi kuliko wangu, na bega aliliongezea kiraka kirefu mpaka kwenye kitambaa kizima. Ua lililojikunja lilifunikwa kwa neti nyembamba ya rangi ya ngozi.

Siku ya kupamba

Gauni lilivaliwa katika chumba cha pembeni cha ukumbi, kama ilivyofanyiwa mazoezi. Bibi harusi aliingia, akazunguka, akasimama. Dakika 20 zilipita na hakutoka. Mabibi wa mji walikuwa wamekaa nyuma na kila mmoja alitaka aletewe amwone karibu, na hakuna bibi harusi wa Mombasa anayewapa mgongo wazee. Ilikuwa kama dakika 35. Somo alisimama pembeni yake muda wote akiwazuia watu kumkumbatia, akisema "Mtazameni kwa macho", na kazi hiyo aliifanya vizuri kuliko mlinzi yeyote.

Kwenye ngazi za jukwaa mtoto mmoja alishika upindo. Mstari ulianza kufumuka. Binamu aliubana uzi kwa kidole, akainama nao, akatembea nao mpaka chumbani. Shanga zilizoanguka zilikuwa za urefu wa shubiri moja hivi, nyingi zikaokotwa na wasichana na kutiwa kwenye bahasha.

Matokeo

Bega lilishika. Hakuna mpasuko mpya uliopatikana baada ya kuvaliwa. Pedi za makwapani zilirowa kabisa na shimizi lilirowa mgongoni, lakini shifoni ilikuwa kavu isipokuwa alama ndogo kwapa la kushoto. Mstari mmoja wa upindo ulifumuka, nao unarudishika. Ua la puleki halirudishiki: sehemu yake ya katikati imebaki imejikunja na kung'aa vibaya, na hakuna njia ninayoijua ya kuinyoosha jelatini bila kuiyeyusha. Harufu ya udi imepungua kwa kuliacha gauni limelazwa chumba chenye hewa, haijaisha.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Ukiyapanga madhara yote, madogo mawili tu, mstari wa upindo na alama ya jasho kwapani, yalitokea nguo ikiwa mwilini. Mawili makubwa yalitokea ikiwa kabatini na juu ya tenga, mikononi mwa mtu aliyekuwa akiiheshimu. Gauni halikuharibiwa na uvaaji. Liliharibiwa na matunzo.

Hilo linastahili kutazamwa bila kumtupia lawama shangazi, maana kila alichofanya kina akili yake. Mombasa unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70. Nguo iliyofungiwa boksini siku nyingi huota ukungu kweli, na mwanamke aliyetunza nguo za hariri pwani kwa miaka anajua kwamba nguo hutolewa, hutundikwa, hupepewa. Kufukiza nako kunafukuza wadudu na harufu ya kabati. Nguo ya hariri iliyoshonwa juzi inastahimili yote hayo. Mafunzo ya boksi na karatasi niliyoyaandika yametoka nchi ambayo nyumba hukaa karibu na unyevu wa asilimia 50, na yalisema "weka hivi" bila kusema kwa nini. Maagizo yasiyo na sababu huvunjwa na mtu mwenye sababu. Laiti ile karatasi ya maagizo ingesema kwa Kiswahili sentensi mbili, kwamba puleki hizi zinayeyuka na bega hili halibebi, shangazi asingelitundika, sembuse kulifukiza.

Na karatasi hiyo ilikuwa mkononi mwa mtu asiye na funguo. Mpango uliwahusisha mwenye nguo, mvaaji, mama yake na binamu, wote watu wa Uingereza. Somo alishirikishwa kwa sababu alipinga. Shangazi hakupinga kitu, basi hakuna aliyemwambia kitu. Katika harusi ya pwani, ukitaka kujua nguo italala wapi, uliza nani anayeshika funguo za chumba.

Kutenganisha shimizi na gauni safarini kulikuwa kosa la kiufundi lenye gharama. Tegemeo lilibuniwa kwa ajili ya kuvaa tu. Kama vingesafiri vikiwa vimeshikizwa pamoja, hata henga isingeumiza sana, kwa kuwa mabega ya shimizi ndiyo yangebeba. Boksi kubwa zaidi kidogo lingetosha.

Mazoezi ya gauni la marekani ndiyo naona yalirudisha thamani yake kupita kila kitu. Kidole cha binamu pale ngazini kiliokoa mistari ambayo ingefumuka mpaka nyongani, na kidole kile kilifundishwa. Kwa upande wa dakika 20, nadhani muda haukuwa wa kweli tangu mwanzo: ulihesabiwa kwa kutembea na kusimama, bila kuwahesabu wazee. Jasho la kwapa la kushoto liliingia katika zile dakika 15 za ziada.

Kuhusu kulivaa baada ya ajali, familia bado haikubaliani, na mimi niko upande wa wanaosema ilikuwa sawa, kwa sababu tatu zote zilikuwepo: puleki zilikuwa sehemu ndogo ya nguo, fundi mwenye kuujua mshono alipatikana, na mvaaji alikuwa amefanya mazoezi. Ingekosekana moja, ningeng'ang'ania meza na taa hafifu. Gauni lililojaa puleki za jelatini mwili mzima nisingekubali lishuke uwanja wa ndege wa Mombasa, achilia mbali kuvaliwa.

Lilipo sasa

Gauni limerudi Uingereza. Limelazwa bapa kwenye boksi refu lisilohitaji kukunja, ndani limetiwa karatasi laini ili lisibonyee, na ua la puleki limefunikwa karatasi ya kuokea. Shimizi limefuliwa na limelazwa pamoja nalo. Hakuna naftalini, hakuna mfuko wa nailoni, hakuna mfuko wa udi ingawa mmoja ulitumwa kwa upendo. Mara moja kwa mwaka litafunguliwa na kukaguliwa, mikono imeoshwa na kukaushwa, bila glavu za pamba kwa sababu uzi wake hunasa kwenye shanga. Bahasha ya shanga zilizookotwa imeandikwa zimetoka mstari gani.

Binamu sasa amechumbiwa na ameomba gauni. Nyanya ameniachia mimi nijibu. Nimemwambia kwamba shimizi naweza kumpa hata kesho, gauni hapana. Na yule mzee wa ari amekwisha kutumiwa picha za nyuma na mbele, aseme atalitengeneza jingine kwa bei gani, safari hii na shanga zote za upindo anazozitaka.